Ng'ombe Aliyefuata Nyuma

Basotu, Hanang
11 Februari 2024

Shangazi Philomena,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana hiyo ya kwanza itakuwa imechoka njiani kabla haijafika Dongobesh. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, ungeniona ungesema huyu si Festo, huyu ni mwenyekiti wa kijiji. Nipe habari za magoti yako, za macho, za vitunguu saumu, na za yule paka mwizi. Baba na mama wasalimie ukipita kwao, ila usiwaambie mengi.

Kazi ninayo. Nalinda shamba la ngano la tajiri mmoja, upande wa mbali na ziwa. Ukisimama katikati huoni mti, unaona mbingu tu na wewe mwenyewe. Nina kibanda cha bati, filimbi ya kufukuzia ndege, na trekta bovu ambalo nalo nalilinda, sijui nani ataliiba, halina hata magurudumu. Jirani zangu ni viboko wa ziwani, nao hawana salamu. Usinipigie simu, kitochi changu hakishiki chaji. Barua ni bora. Mpe kondakta, ataiacha Katesh kwa Shamimu wa steshenari, mimi hupita pale kila katikati na mwisho wa mwezi.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini Shangazi. Umekaa? Nimeandika kitabu.

Najua unacheka. Utasema huyu aliyekomea kidato cha pili kwa utoro, kitabu gani? Kinaitwa RISASI HAINA BREKI. Kuna genge linaiba ng'ombe Hanang nzima, lakini nyama hawaitaki. Katika kengele ya ng'ombe mmoja, hawajui ni yupi, kuna flashi iliyofichwa, na ndani ya flashi kuna siri ya kuangusha matajiri wote. Kamanda Radi ana siku tano tu kumpata ng'ombe huyo kati ya maelfu, kabla ya mnada wa Katesh. Niambie kama umewahi kusikia wazo kama hilo. Hujasikia. Mimi mwenyewe nilipolipata nilizunguka trekta mara tatu nikipiga filimbi.

Shamimu amesema atanichapia kwenye kompyuta na kunitengenezea jalada la rangi, ila kwanza mtu anayejua Kiswahili asome na kutia sahihi. Nikamwambia shangazi yangu amefundisha miaka thelathini na moja, nusu ya wilaya ina alama za fimbo yake. Basi nakutumia madaftari mawili. Usitumie kalamu nyekundu sana, nina moyo.

Mwandishi mkubwa wa ukoo,
Festo Sulle


Dongobesh, Mbulu
3 Machi 2024

Mwanangu Festo,

Marahaba, zote mbili. Barua na madaftari vimefika. Magoti yangu yako palepale. Paka amezaa. Vitunguu mwaka huu vimeanza vizuri. Mama yako Justina alikuwa na homa, amepona. Baba yako bado anawasimulia watu jinsi ulivyopambana na wezi watatu, na panga lako amelitundika ukutani juu ya kiti chake, mgeni akiingia analiona kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Onesphory bado ametengwa kwa wizi ule wa ng'ombe. Juma lililopita upepo uliezua nyumba yake na hakuna aliyekwenda kumshikia hata bati moja. Katekista anaulizia kama utarudi kuimba Pasaka.

Sasa kitabu. Nimekisoma polepole, mchana tu, nikiwa nimekaa mlangoni. Wazo ni zuri, Festo, nasema kweli. Kengele na flashi na siku tano, yale yalinifanya niache maharage yaungue. Lakini hadithi yako ina mifupa mizuri na nyama mbovu. Bastola ya risasi sita imepiga mara arobaini na moja, nimehesabu. Jambazi Mkia wa Nge amekufa sura ya tatu, sura ya sita anakunywa chai. Kamanda Radi ameruka kutoka kilele cha Mlima Hanang akatua kwenye pikipiki. Tangu ukurasa wa kwanza hajala, hajakojoa, hajaogopa. Hana mtu yeyote wa kumuuliza usiku umelala wapi. Nimemhurumia kidogo, lakini sikumwamini.

Sura ya nne, ya wizi wenyewe, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ina sentensi moja tu nzuri. Nimeipigia mstari. Andika sura hiyo upya.

Shangazi yako,
Philomena

Nilikupigia mara nne. Simu iliita. Simu isiyo na chaji haiiti.


Basotu
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo ni Jumapili ya Matawi na mimi nimeshika jani la ngano, hakuna jingine. Nafurahi mama amepona. Nafurahi vitunguu vimeanza vizuri. Nafurahi kwa paka, ingawa baba wa hao watoto namfahamu, ni lile dume la kwa mwenye mashine ya kusaga, sura zitawaumbua. Katekista mwambie Pasaka siji, ngano hailindwi na Roho Mtakatifu peke yake. Na baba mwambie alishushe lile panga, litapata kutu.

Kuhusu simu, huwa inaita yenyewe ikiwa imezimwa. Ni ugonjwa wake.

Sasa na wewe Shangazi, unahesabu risasi! Nani anahesabu risasi? Nililisomea trekta sura ya pili yote kwa sauti, halikulalamika hata kidogo. Mkia wa Nge alikuwa na pacha, nitaongeza hapo mstari mmoja. Kuruka kutoka mlimani inategemea na upepo. Na kula nimeshamlisha, angalia daftari jipya ukurasa wa tisa, amekula chapati sita na soda mbili, na kukojoa nimemkojolesha nyuma ya kituo cha polisi, natumaini umeridhika.

Hilo la kumuuliza umelala wapi sikulielewa. Kamanda halali. Akilala nani atalinda? Huku mimi mwenyewe nina siku kumi sijasikia mtu akiita jina langu. Wale wa trekta zima hupita Jumamosi, wananipungia mkono kwa mbali na kuniita "mlinzi." Wala sijali. Juzi nilijiita mwenyewe, "Festo!" Nikaitika. Nilifanya hivyo kujaribu sauti tu.

Sura ya nne nimeiandika upya, sasa ina moto. Wezi watatu wanakuja na mapanga. Mkubwa wao ni mrefu kama nguzo ya umeme, kavaa koti la kijani la jeshi. Kamanda amejificha anaona yote, anawafyeka wawili, lakini wa koti la kijani anatoroka na ng'ombe mwenye kengele. Ile sentensi uliyoipigia mstari nimeiacha, ingawa sioni uzuri wake. Tia sahihi basi. Shamimu ananicheka kila nikipita, anasema, "Mwandishi, kitabu kiko wapi, au nikuuzie daftari jingine?"

Wako,
Festo (jina la kitabuni: F. S. Radi)


Dongobesh
5 Mei 2024

Mwanangu Festo,

Marahaba. Mvua ilikata barabara, ndiyo maana nimechelewa. Utaona mwandiko si wangu. Macho yamefunga utando, asubuhi naona ukungu na jioni naona ukungu mweusi. Nimepata mtu wa kunisomea na kuniandikia. Huja jioni akimaliza kupasua kuni zangu. Mimi nasema, yeye anaandika kama nilivyosema. Usiogope, siri zako za kikamanda zimetulia.

Mama yako mzima. Baba yako mzima. Panga hajalishusha.

Katika barua yangu ya Machi, ukiacha magoti, nilikuandikia habari sita za nyumbani. Umejibu tano.

Daftari jipya tumelisoma. Chapati sita zimetuchekesha, tukapumzika, tukacheka tena. Sura ya nne bado, na safari hii nitakuambia kwa nini. Sentensi niliyoipigia mstari ni hii: "Mwizi alitangulia akiita kwa sauti ya chini, na ng'ombe akafuata nyuma, kengele ikilia polepole kama siku zote." Festo, mimi nimechunga kabla sijajua a e i o u. Ng'ombe wa wizi huswagwa. Mwizi hukaa nyuma yake na fimbo, na kengele hulia kama kuna moto, au huzibwa na majani isilie kabisa. Ng'ombe humfuata nyuma mtu ambaye amekabidhiwa. Katika kurasa mia na zaidi za mabomu, hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo aliyeiandika alikuwepo.

Basi nataka kujua. Wezi wenye mapanga walipita wapi, kama ng'ombe alikuwa anatembea hivyo?

Na msomaji wangu ana swali lake, ameomba niliweke. Anauliza: kwa nini jambazi mkuu amevaa koti la kijani?

Shangazi yako,
Philomena


Basotu
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa macho.

Huyo msomaji wako mwambie apasue kuni aache vitabu. Mwandiko wenyewe kama kuku kaparua, halafu anauliza maswali. Koti ni la kijani kwa sababu mwandishi ametaka liwe la kijani. Wangapi wana makoti ya kijani? Mnadani Katesh yako marundo.

Na sentensi nimeifuta. Hakuna tena ng'ombe anayefuata mtu. Hakuna tena kitabu, nimewashia jiko. Trekta nalo nimeacha kulisomea. Usijisumbue kuniandikia, kazi imekuwa nyingi, ndege wa kwelea wamefika, ni weusi angani kama moshi.

Festo


Dongobesh
30 Juni 2024

Mwanangu Festo,

Hujaandika mwezi na zaidi. Shamimu amemwambia kondakta kuwa mwisho wa mwezi hukupita. Mama yako anauliza nami namjibu kuwa una kazi.

Kama umewashia jiko, umewashia. Mimi nakumbuka wazo, na wazo lilikuwa zuri. Nikifumba macho, maana kuyafumbua na kuyafumba sasa ni mamoja, naona kilima, naona ng'ombe, naona mchungaji amekaa. Sioni Kamanda yeyote. Niandikie alichokiona mchungaji. Hicho tu. Hata bila jina la kitabu.

Msomaji wangu ameniambia niseme kwamba kuni zimekwisha lakini bado anakuja.

Philomena


Basotu
4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kombaini zimeanza. Upande wa mashariki umeshavunwa, umebaki mabua, ndege wameondoka, na filimbi yangu haina kazi. Sasa ninasikia hadi bati linavyopoa jioni.

Madaftari sikuyachoma. Nilisema tu. Haya ni ya sura ya nne. Sijamweka Kamanda.

Ilikuwa Oktoba, mwaka jana, saa tisa alasiri, kule juu ya bonde. Mimi nilikuwa nachunga. Baba ana ng'ombe wake na kuna wengine zizini si wetu, unajua tulivyo, mtu huwekesha ng'ombe wake kwa mwingine na jambo hubaki kati ya wazee wawili. Mtoto haambiwi yupi ni wa nani. Kuuliza ni kukosa adabu, na mwenyewe akija kuchukua, anachukua. Nimeona mara mbili tangu nizaliwe.

Akaja mzee mmoja. Blanketi safi, fimbo ya heshima, viatu vya tairi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia taratibu. Akauliza habari za baba kwa jina, "Maximilian hajambo?" Akauliza za malisho. Akanitemea mate ya baraka kiganjani, akaniombea mvua na watoto. Halafu akasema, "Nimekuja kumchukua Kijivu wangu. Baba yako ameshajua." Shangazi, alimtaja kwa jina. Sasa ndiyo najua kuwa alikuwa amekaa vichakani akinisikia ninavyomwita. Siku ile sikuwaza hivyo. Niliwaza kuwa mzee kama huyu nikimuuliza una ushahidi gani, nitaonekana mtoto asiyelelewa. Nikamwelekeza Kijivu alipo. Hata kengele nilimkazia mimi mwenyewe, ilikuwa imelegea.

Akatangulia akiita kwa sauti ya chini, na Kijivu akamfuata nyuma. Nilikaa nikawatazama hadi wakazama bondeni. Nilijiona mtu mzima.

Jioni baba akahesabu. Akaniuliza Kijivu yuko wapi. Uso wake ulivyobadilika nilijua kabla sijamaliza kufungua mdomo. Na mdomo wangu unaujua, unakimbia kuliko miguu. Nikasema wezi. Nikasema watatu. Nikasema mapanga. Lile jeraha la mkononi ambalo mama alilifunga kwa kanga, nilijikata kwa bati la zizi wakati baba amekwenda kupiga yowe.

Watu wakaja na mikuki, wakauliza wezi walikuwaje. Nilikuwa nimetazama picha moja kwenye banda la video, jambazi wake alikuwa na koti la kijani la jeshi. Nikasema koti la kijani la jeshi. Wangejuaje? Ningejuaje? Juma lile lile Onesphory alikuwa amenunua koti la mtumba la namna hiyo.

Walipomleta mbele yangu wakaniuliza, "Festo, ni huyu?" Sikusema ndiyo. Shangazi naapa, sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Nilitazama chini, kulikuwa na punje ya mahindi, niliitazama punje ile mpaka wakaridhika. Halafu wazee wakatoa neno: asipewe moto, asipewe chumvi, asiamkiwe. Na mimi nikanunuliwa soda.

Nikikaa nyumbani watu wananiita shujaa. Ndiyo maana nilikuja huku ambako hawaniiti kitu.

Sijui niimalizieje hii. Kamanda Radi angempata yule mzee akamfyeka. Mimi sijui hata alikotokea.

Huyo msomaji wako akisoma hapa, mwambie asitangaze.

Festo


Dongobesh
25 Agosti 2024

Mwanangu Festo,

Marahaba.

Barua yako ilifika Jumanne. Msomaji wangu aliifungua, akaanza kusoma kama kawaida yake, kwa sauti, bila haraka. Alipofika kwenye koti akanyamaza. Nilidhani mwandiko wako umemshinda. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho, pamoja na mahali unaposema asitangaze. Kisha akaikunja, akanipa mkononi, akatoka nje akapasua kuni mpaka hapakuwa na cha kupasua.

Msomaji wangu, Festo, ni Onesphory.

Alikuja Aprili kuomba moto. Ilikuwa mvua na nyumba yake nusu ina bati nusu haina. Nikampa moto, na wazee waseme watakavyo, nimewafundisha wengi wao kushika kalamu. Nilihitaji mtu mwenye muda wa kumsomea kikongwe, na hapa kijijini hakuna mwenye muda kama yule asiyeamkiwa. Nilikuwa nimekushuku tangu daftari la kwanza. Sikukuambia ni nani anayesoma, kwa sababu ningekuambia, ungetunga uongo ulio mzuri zaidi.

Kijivu alikuwa wangu. Nilimwekesha kwa kaka yangu mwaka niliostaafu, na tulikubaliana asijue mtu. Kwa hiyo mwenye haki ya kukasirika juu ya ng'ombe ni mimi, nami nimeshamaliza. Nilichotaka kumfanyia ng'ombe huyo si juu yako, usiulize. Baba yako alinipa mtamba wake badala yake, nikamrudishia. Lakini Onesphory hajamaliza kukasirika, na mimi siwezi kumalizia kwa niaba yake.

Nilimwambia achukue barua hii aipeleke kwa wazee, ni haki yake. Akakataa. Anasema karatasi haina mdomo, na watu watasema ameiandika mwenyewe, maana kijiji kizima kinajua yeye ndiye mwandishi wangu. Ni kweli. Huu mwandiko wa kuku kaparua ndio utakaomhukumu mara ya pili. Kinachotakiwa ni mdomo uleule.

Kikao cha kitongoji kitakaa Jumapili ya tarehe kumi na tano Septemba, baada ya misa. Baba yako atakuwepo, chini ya panga au mbali nalo, sijui. Sitamwambia. Sitamwambia mtu.

Philomena

Mimi Onesphory. Haya naandika yangu, shangazi yako hajaniagiza, amelala kwenye kiti.

Hadithi niliipenda mpaka sura ya tatu. Jambazi wako ni mrefu kama nguzo ya umeme, mimi ni mfupi, hilo lilinichekesha na halikunichekesha. Koti bado ninalo. Nilitaka kulichoma, lakini Julai huku ni baridi na sina jingine.

Unasema huko hakuna anayekuita jina. Huku wapo watu mia tatu. Kanisani nina benchi zima. Mwanzoni nilikuwa nakaa pembezoni nikidhani watu watajaza. Siku hizi nakaa katikati.

Na flashi ilikuwa na nini ndani? Nimesoma madaftari matatu, hujasema.


Basotu
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Ngano imekwisha, wamefagia mpaka punje. Tajiri amenilipa, akaniuliza kama nitabaki kulinda trekta. Nikamwambia trekta lijilinde, limeshajua hadithi zote.

Nilipita Katesh kwa Shamimu kuchukua barua yako nikaisoma pale pale dukani nimesimama. Akaniuliza, "Mwandishi, sahihi imetoka?" Nikasema bado. Akanitazama akaacha kucheka, akanipa kiti na maji. Nikamuuliza basi la Dongobesh siku hizi linapita saa ngapi.

Nitashuka Jumamosi tarehe kumi na nne. Asije mtu kunipokea. Baba nitamwambia mwenyewe jioni ile, kabla ya wazee, na panga nitalishusha mimi. Akinifukuza nitalala kwako na paka. Nimejaribu kusema maneno yenyewe kwa sauti hapa shambani. Yanatoka. Ila hapa hakuna mtu, kwa hiyo sijui.

Onesphory, najua umefika hapa na sauti yako ya bila haraka. Kuanzia hapa soma kimya kidogo.

Flashi haikuwa na kitu ndani. Nilifika kila sura nikijiambia nitajua mbele, nikaongeza risasi. Hicho ndicho kitabu changu chote.

Punje ile ya mahindi ilikuwa na doa jekundu. Nilikuwa na muda wa kuona hata hilo, na sikuinua kichwa. Sina neno la kuweka hapo. Nimelitafuta miezi kumi na moja.

Jumapili nitawahi misa. Nitakuja kukaa kwenye benchi lako, katikati, watu wote wakiona, kabla sijasema lolote kikaoni. Ukitaka kuhama, hama. Ukitaka kunisukuma, nisukume, mimi si Kamanda, nitaanguka. Lakini nitakuja kukaa.

Haya, rudisha sauti sasa. Umenyamaza muda mrefu na Shangazi ameshageuza kichwa. Msomee hivi: Shangazi, shikamoo, magoti pole, nakuja.

Festo